Nondo Iliyofukiwa Chini ya Mizabibu

Sehemu ya sita

Kama wiki iliyopita ulikuwa msibani, au gazeti lako lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, sogea nikukumbushe haraka. Yotham hana muda wa kutusubiri.

Yotham ni fundi wa taa za bustani, mzaliwa wa Hombolo. Amemposa Ruthu, binti wa Mama Gladness, mjane wa Nzuguni mwenye nyumba mpya na bustani inayosimamisha wapita njia. Taa za kwanza aliibiwa. Ngazi ikamwangusha. Hata hivyo kazi ikaisha: nguzo saba za chuma kuzunguka bustani, na taa ndogo ndogo juu ya kichanja cha mizabibu, pale baraza la nyuma. Kazi ya ukweni hiyo, hakutaka hata asante.

Tulimwacha Jumamosi mchana, simu sikioni, akimsikiliza Hamidu, mtunza bustani wa Mama Gladness, mtu wa Kondoa asiyependa maneno mengi.

"Fundi, mbwa amekufa. Amefia kwenye nguzo yako."

Haya, twende.

Yotham alifika alasiri. Hakupita geti kubwa, kwa sababu tutakazoziona. Alizunguka ubavuni, kwenye kimlango cha bustani, na Hamidu alikuwa hapo anamngoja.

"Alikufaje?"

"Jana magharibi. Taa zilikuwa zimeshajiwasha. Akaenda nguzo ya kona, akainua mguu, si unamjua tabia yake. Akalia mara moja tu. Nilipofika, ameshanyooka."

"Pale chini palikuwa na maji?"

"Nilimwaga ndoo ya maji ya kufulia. Maua yanakufa, fundi! Bomba halijatoa hata tone tangu umalize kazi. Mgao huu utatuua."

Yotham akaitazama nguzo ya kona, akarudi nyuma hatua moja.

Ngoja nikueleze kwa nini, na sitakuchosha na maneno ya chuoni. Taa ya nje yenye nguzo ya chuma inataka waya wa kushuka ardhini, ili umeme ukivuja ukimbilie chini, usimngoje mtu. Waya huo unafungwa kwenye nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Sasa udongo wa Dodoma unaujua mwenyewe. Ukilowa, umeme unapita. Ukikauka, ni tofali, hakipiti kitu. Ndiyo maana mafundi wetu wanachimba shimo na kuizungushia nondo mkaa na chumvi, ili unyevu ukae.

Yotham alifanya hivyo hivyo. Aliifukia nondo chini ya mizabibu, mahali ambapo maji hayakosekani. Akapima, kipimo kikamfurahisha mpaka akapiga mluzi. Masikini, alipima Hamidu akiwa ametoka kumwagilia muda huo huo.

Sasa mizabibu ilikuwa kavu. Na ndani ya nguzo mojawapo, ncha ya chuma ilikuwa imeshakwangua waya.

"Nguzo zote saba nimeziunganisha kwa waya mmoja," Yotham alisema, kama anaongea peke yake. "Moja ikishika umeme, zote zimeshika."

"Unasema nini, fundi?"

"Nasema leta ndoo mbili za maji, upesi. Tuilowanishe nondo, leo tupone, kesho nibadilishe waya wote."

Hamidu hakutikisika.

"Nondo ipi?"

"Ya shaba. Chini ya mizabibu, karibu na ukuta."

Hamidu akatazama chini. "Hiyo haipo. Wameing'oa asubuhi."

Kabla Yotham hajafumbua mdomo, akatokea Mzee Mazengo, mshenga wake, amebeba ungo uliofunikwa kitambaa cheupe.

Mzee huyu lazima umfahamu. Katika ukoo wa Mama Gladness, mkwe na mama mkwe hawasemezani mpaka ndoa ifungwe. Hawatazamani. Siku hizi wengi wameacha, na Mama Gladness mwenyewe amesoma, amestaafu serikalini, anatuma pesa kwa simu haraka kukushinda wewe. Lakini kwa hili hacheki na mtu. Yotham akitokea, mama anavuta kanga usoni na kugeuka. Una neno? Mpe Mazengo alipeleke.

Na Mazengo, Mungu amsamehe, ana ugonjwa wa adabu. Neno kali likipita kwake linatoka limelainika mpaka halina mfupa. Mwezi uliopita Yotham alimtuma aseme kwamba nyumba ile inahitaji kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, bila hicho mtu anaweza kufa. Mazengo akaenda akasema, "Mkwe ana pendekezo dogo, lakini hana haraka." Kifaa hakikununuliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati wenyewe. Kuna mtu katufukia kitu."

Akafunua kitambaa. Juu ya ungo ilikuwa nondo ya shaba, imefungwa waya wa kijani na njano, imelala katikati ya mkaa na mabonge ya chumvi.

Yotham aliitambua kama unavyolitambua shati lako kwenye kamba ya jirani.

"Mbwa alipokufa, mama hakulala," Mazengo aliendelea kwa kunong'ona. "Alfajiri akaita vijana wa kanisani wachimbe kila palipotifuliwa. Wakakuta hii. Chumvi, Yotham! Chumvi na mkaa, na imefungwa kamba ya rangi mbili. Mtu anataka nyumba hii ibaki majivu."

"Mzee..."

"Subiri. Mama ameapa mbele ya wanamaombi wote. Aliyefukia hiki hatakanyaga hapa tena, awe ndugu, awe nani. Na ibada ya shukrani iliyokuwa kesho imeletwa leo. Jua likizama watazunguka bustani peku, wameshikana mikono. Kila nguzo wataishika na kuiombea, maana mbwa alifia kwenye nguzo."

Huko nje ya ukuta honi ikalia. Boza la maji. Mama Gladness alikuwa ameliagiza lije limwagilie bustani nzima, vumbi lisiwachafue wageni.

Hapo Yotham alipata picha yote kwa mpigo. Nondo imetoka. Bustani itakuwa tope. Watu hawana viatu, wameshikana mikono, na mikono hiyo inakwenda kushika chuma.

Na Ruthu atakuwa mmoja wao.

"Mzee," akasema, "hiyo nondo nimefukia mimi."

Mazengo nusura adondoshe ungo. Alimziba mdomo kwa kiganja chake.

"Nyamaza! Umerogwa na wewe?"

Yotham akakiondoa kiganja. "Ni kazi ya umeme. Fundi yeyote wa mji huu anafanya hivyo. Chumvi ni ya kushika unyevu."

"Nani atakuelewa leo? Watu wamefunga, wana njaa, wameona chumvi kwenye shimo. Ukitamka hilo neno, Ruthu humpati. Na mimi mshenga wako uso wangu nitauweka wapi?"

"Basi ya nondo achana nayo. Nenda kamwambie mama jambo moja tu. Swichi kubwa izimwe, taa zisiwake kabisa. Mtu akishika nguzo leo atakufa. Sema hivyo hivyo, atakufa."

"Nitasema."

"Tamka nikusikie."

"Atakufa," alisema Mazengo, kwa aibu ya mtu aliyelazimishwa kutukana. Akaenda.

Akakaa ndani muda mrefu. Boza lilikuwa limeshaingia, mpira mnene unatapika maji kwenye ukoka, Hamidu anauvuta huku na huku kwa amri ya mwenye nyumba. Jua lilikuwa limeshagusa vilima.

Mazengo akarudi anatabasamu.

"Amesemaje?"

"Amefurahi sana."

"Amefurahi? Umemwambia nini, mzee?"

"Nimemwambia mkwe anaona ingefaa taa zipumzike leo, kwa ajili ya usalama."

"Usalama wa nani?"

Mazengo akakohoa. "Wa taa."

"Usalama wa taa! Mzee Mazengo!"

"Sasa ulitaka nimtajie kifo mjane, mbele ya wageni, siku ya ibada? Nitaanzia wapi? Mama amesema mkwe asijishushe hivyo. Taa zitawaka, watu waione kazi yake."

Jamani! Kuna watu wataua kijiji kizima kwa upole. Mimi ninayesimulia ningemrushia Mazengo kiatu.

Yotham hakuwa na muda wa kurusha kitu. Swichi kubwa ilikuwa kwenye korido, ubavuni mwa mlango wa chumba cha kulala cha mama mkwe. Hebu fikiria. Pahali pekee pa kuzima taa palikuwa pahali ambapo yeye, kuliko wanaume wote duniani, hakuruhusiwa kukanyaga.

Alikwenda. Alipita mlango wa jikoni, kichwa chini. Wanawake waliokuwa wanakoroga masufuria wakapiga kelele kama wameona nyoka.

"Mkwe! Unaingia wapi?"

"Samahanini, mama zangu. Nataka kuzima umeme, dakika moja tu."

"Kule chumbani kwa mama mkwe wako? Weee!" Shangazi mmoja mnene alisimama mlangoni na mwiko wake, anacheka, hajui kama ni mzaha au ni wazimu. "Haraka ya nini, baba? Harusi si ile inakuja!"

"Niitieni basi Ruthu."

"Ruthu yuko kwenye maombi. Simu zote zimekusanywa kwenye beseni. Toka, mkwe, usitutie aibu."

Mlango ukafungwa, na komeo likasikika.

Kilibaki kitu kimoja. Taa zile zilijiwasha zenyewe kwa kajicho kanakohisi giza. Ukikamulika kwa tochi, kanadhani bado ni mchana. Lakini kajicho Yotham alikafunga juu ya kichanja cha mizabibu, na chini yake hasa, kwenye kiti kikubwa, ndipo alipokuwa amekaa Mama Gladness na wanamaombi wake. Ili kukafikia, mkwe angepanda juu ya kichwa cha mama mkwe.

"Usithubutu," alisema Mazengo, ameshamshika shati mgongoni.

"Niachie, mzee."

"Sikuachii. Nimekula chumvi ya pande zote mbili, mimi."

Wakiwa bado wanavutana nyuma ya ukuta wa jiko, jua likazama.

Taa zikawaka.

Kwanza zile ndogo kwenye mizabibu, halafu nguzo, zote saba kwa pamoja. Ukoka uliolowa ukang'aa. Wageni wakashangilia, "Haleluya!" na mtu mmoja akapiga makofi kabisa. Ilikuwa kazi nzuri, kazi ambayo Yotham alikuwa ameiota tangu siku alipoposa. Akaitazama, akatamani asingezaliwa fundi.

Wimbo ukaanza. Wanamaombi wakavua viatu, wakavipanga barazani, wakashikana mikono, wakashuka bustanini. Mchungaji alitangulia. Nyuma yake Mama Gladness, na nyuma ya mama, mkono mkononi, Ruthu. Gauni jeupe. Miguu mitupu. Tope lilikuwa limeshamfika kwenye vifundo.

Walikuwa wanaelekea nguzo ya kona, ile iliyoua mbwa.

Yotham akajichomoa. Kifungo cha shati kikaruka, Mazengo akabaki na kipande cha kola mkononi.

"Msishike! Simameni! Msishike!"

Wimbo ukakatika. Yotham alikuwa amesimama mbele ya msafara, mikono ameitandaza, uso kwa uso na mama mkwe wake.

"Yesu wangu, aibu!" mwanamke mmoja akalia.

Mama Gladness akavuta kanga usoni, akageuka, akampa mgongo. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mazengo. Muulize huyo anataka nini."

Mazengo alikuwa amefika, anahema. "Mkwe, mama anauliza..."

"Nimemsikia! Mama, nguzo hizi zina umeme. Nondo mliyoichimba ni yangu, nimefukia mimi. Ni ya kulinda watu. Mmeitoa, sasa umeme hauna pa kwenda."

Ungedhani amerusha jiwe kwenye mzinga.

"Ni yeye!"

"Amekiri!"

"Ya umeme na chumvi? Umeme unakula chumvi?"

Vijana wawili wa kanisani walimkamata, kila mmoja mkono wake. Yotham akaeleza, akaeleza tena, habari za waya, za mgao, za udongo mkavu. Kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana. Nikuambie ukweli, hata mimi ningekuwa pale, nimeshinda njaa, nimeona ule ungo, sijui ningemwamini nani.

Mama Gladness akainua mkono.

"Mazengo, mwambie hivi. Kama kitu chake ni safi, aishike nguzo hii sasa hivi, mbele ya Mungu na mbele yetu. Akibaki mzima, binti ni wake, na mimi nitamwomba radhi."

Kila jicho likahamia kwa Yotham.

"Siishiki, mama," akasema. "Nitakufa."

"Mmemsikia wenyewe," alisema Mama Gladness.

Hapo ndipo Ruthu alipouachia mkono wa mama yake.

"Nitaishika mimi."

"Ruthu, rudi hapa!"

"Hapana, mama. Mnamwonea. Mimi namjua Yotham. Hana ubaya hata wa kuua panya. Nitaishika kwa niaba yake, na mtaona."

"Ruthu!" Yotham alijitupa mbele, vijana wakamrudisha. "Usiguse! Nakuomba! Ni umeme!"

"Usiogope," akamwambia, na akamtabasamia, tabasamu lile lile lililomfanya avuke Dodoma nzima kwenda kumposa. "Mungu anaona."

Akaanza kwenda. Tope likawa linalia chini ya nyayo zake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshanyooka.

Yotham alimpenda mwanamke huyu kuliko roho yake, na upendo huo sasa ndio uliokuwa unampeleka Ruthu kwenye kifo. Ruthu alikuwa anakwenda kwa sababu anamwamini. Ukweli ameusema, na kadiri anavyousema ndivyo anavyomsukuma. Kulikuwa na njia moja tu ya kumsimamisha.

"Mimi ni mchawi!"

Mkono wa Ruthu ukaganda hewani, karibu na chuma kiasi cha kiganja.

"Umesemaje?"

"Mimi ni mchawi. Nimeifukia kwa nia mbaya. Mbwa nimeua mimi. Mama yako alikuwa anafuata. Nguzo hizi zote nimezifunga, ukishika moja umekwisha. Ondoka hapo."

Aliyasema akimtazama machoni, bila kupepesa, maana asingemtazama asingemwamini. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Ruthu akaurudisha mkono wake taratibu. Akaufuta kwenye gauni, mara mbili, ingawa haukuwa umegusa kitu.

Halafu akarudi nyuma. Hatua moja, nyingine, mpaka akalifikia baraza, akapanda sakafu kavu, akakaa chini na kujifunika uso.

Yuko hai. Yotham alilishika neno hilo moja, akasema moyoni kwamba sasa hata wakimuua sawa. Akaacha kuvutana na vijana waliomshika.

Ndipo Mama Gladness alipogeuka.

Aliishusha kanga kutoka usoni, akaiachia ianguke kwenye tope. Akamtazama Yotham, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu alipomposa binti yake. Hakumtafuta Mazengo.

"Sina mkwe," akamwambia mwenyewe, kwa kinywa chake.

Kisha akawageukia wanaume.

"Ng'oeni nguzo zake. Zote. Hazilali hapa kwangu hata usiku mmoja."

Wanaume wakakunja suruali. Wakatawanyika kwenye ukoka uliolowa, huyu nguzo hii, yule ile, peku kama walivyokuwa.

"Hapana!" Yotham alipiga kelele. "Zina umeme! Sikieni, nilidanganya! Mimi si mchawi, nilidan..."

"Mzibeni mdomo!" mchungaji akaamuru. "Asitamke neno lingine juu yetu."

Kiganja kizito kikamfunika kinywa na pua. Yotham akauma, akapiga mateke, akatoa macho. Alitaka kumwona mmoja wao akisita, hata mmoja. Hakuna aliyesita.

Wa kwanza kufika kwenye nguzo ya kona alikuwa Mzee Mazengo. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuwa wa kwanza kwenye jambo lolote kali, na leo alikuwa na uso wa kuosha mbele ya watu; lile neno "atakufa" hata yeye hakuwahi kuliamini. Alisimama katikati ya dimbwi. Akageuka kumtazama Mama Gladness, aone kama anatazamwa.

"Kwa jina la Yesu," alisema kwa sauti kubwa, akanyoosha mikono yote miwili.